Mama Alituitaka na Majina ya Sahani

Manjanja, bati ya paa ya restora, ilikuwa inaanguka moya-moya. Bashe, ile turubai ya nailo yenye mama alitandikaka chini ya manjanja, ili mvula isidondoke mu sahani, ilikuwa inayeyuka na kutiririka na moto yake. Ilikuwa muchana kati, jua kali, moshi nyeusi. Mama alikuwa anasimama katikati ya avenyu, kitambaa ilishamutoka ku kichwa, muiko ya bukari, ugali yetu, ingali mu mukono, na alikuwa anaita.

«Kichwa!»

«Eyo vidye!»

«Nusu-Nusu!»

«Eyo vidye, mama! Niko huku, mu mufereji!»

«Bilolo! Bilolo! Weye Bilolo, unanisikia?»

Bilolo njo miye. Nilikuwa ningali ndani. Moshi ilishanifunga macho, nilikuwa napapasa mbao ya ukuta bila kujua ni ukuta gani, na mukono yangu ya kushoto ilishashika moto. Mulango sikujua iko wapi. Nilijua tu ile sauti iko wapi. Myaka yote, kama ile sauti ilikuita na haukuitika, sahani yako ilirudia mu nyungu. Basi mwili yangu iliitika mbele ya akili. «Eyo vidye!» Mudomo ilitangulia, miguu ilifuata. Njo vile nilitoka, na njo vile niko apa naandika.

Aliita bote. Bote tuliitika. Alibakia muntu moya.

«Mafupa! Mafupa eko wapi? Mafupa, itika!»

Mafupa hakuitika. Paka leo hajaitika.

Nataka kusema juu ya ile mama. Mafupa nitamufikia, na nitataja jina yake ya kweli, yenye bazazi balimupatia, juu ya kuwa miye simuogope. Masomo sina mingi. Miye fundi ya biatu, nilijua sindano mbele ya kujua kalamu, na naandika sawa vile nasema. Mwenye hataki, afunge macho.

Jina ya mama siijue. Hata kwao ni wapi hakutuambiaka. Ku sauti tulisikia tu ni Muluba ya kaskazini, na ku misa alikuwaka ya kwanza. Kama muntu alimuuliza alizaliwa wapi, alijibuka: «Nilizaliwa pembeni ya nyungu. Njaa ilishanitangulia, ilikuwa inakaa pa kiti.» Siye tulisemaka tu «mama». Ku Hewa Bora, kartie yetu, mutaa mzima, kama unasema «naenda kwa mama», hata shofere ya lori ya mugodi ya Kinsevere alijua uko unaenda wapi, na alikuambia: «Mwambie aniwekee.»

Majina ya bantu, yeye pia hakuyajua. Hakutaka kuyajua. Kintu yenye ulilomba siku yako ya kwanza, njo jina yako paka kufa. Katekista ya kanisa yetu, muntu ya heshima, suruali inakatika sawa kisu, siku yake ya kwanza alilomba kichwa ya samaki. Alikuwa Kichwa. Kiisha mwezi, alikuya na sauti ya chini.

«Mama, tangu leo ninakula kuku.»

«Kuku nitakupatia, papa.»

«Na jina?»

«Jina gani? Kuku iko ya leo. Kichwa iko ya siku zote.»

Siku ya ndoa ya binti yake, ule mwenye kushika mikro alisema: «Sasa tunamuita baba ya bibi arusi, Papa Kichwa!» Bakwe balitazamana. Na yeye, katekista, alisimama, akafunga kifungo ya koti, akasema na sauti yote: «Eyo vidye!» Hata padiri alificha mudomo.

«Eyo vidye» ni maneno ya Kiluba, ya kuitika kwa heshima kama mukubwa anakuita. Mama alituwekea ile sheria. Alikuwa na nyungu yake mu nyuma, chini ya manjanja ya inje, siye tulikaa mbele ku meza. Sahani ikiwa tayari, alipiga kelele jina yako. Uitike na sauti ya kutosha, ao sahani inarudia. Hata kama unakaa pa macho yake. Hata kama anakuona unanyoosha mukono.

«Mama, si unaniona!»

«Macho inaona hata kiti. Muntu anaitikaka.»

Siku moya mukubwa ya kampuni moya ya mukuba, ile shaba, aliingia. Miwani nyeusi, telefoni mbili, biatu ya ngozi safi (miye natazamaka biatu mbele ya uso). Alilomba kuku. Mama alipiga kelele: «Kuku ya Miwani!» Mukubwa aligeuka nyuma kutafuta nani anaitwa vile. Sahani ilirudia. «Kuku ya Miwani!» Sasa alishajua ni yeye, lakini haya ilimukamata, aliangalia telefoni. Sahani ilirudia. Harufu ya ile kuku ilipita mbele ya pua yake na kurudia, kupita na kurudia, na siye bote tuliacha kutafuna. Mara ya tatu, mama hakumaliza hata jina. Mukubwa aliruka: «Eyo vidye! Eyo vidye, mama, nakulomba!» Restora yote ilipiga mikono. Nusu-Nusu, ule mwanamuke ya kuuza makala mwenye alilombaka kila siku nusu ya sahani na kiisha nusu ingine, alimubusu ku kipala. Mukubwa alitosha miwani, macho yake ilikuwa na machozi ya kucheka. Kila Ijumaa alirudia, na alileta bakubwa benzake ili abaone nabo banarudishiwa sahani.

Na miye? Miye siku yangu ya kwanza niliingia na hasira. Sikumbuke hasira ya nini, juu nilikuwaka nayo kila siku ya kutosha. Nikalomba bilolo, yale majani yenye uchungu kushinda yote. Mama aliniangalia tangu kichwa paka biatu.

«Na ile uso, unaongeza tena bilolo?»

«Nalipa na feza, silipe na uso.»

«Ee, uchungu inatafuta ndugu yake.» Aliyaponda na karanga mingi, mingi sana, na aliniletea yeye mwenyewe. «Kula, Bilolo. Karanga haishindane na uchungu. Inakaa nayo tu, paka inanyamaza.»

Nilikula. Nilirudia kesho yake. Kiisha nilileta kiti yangu na sindano yangu pa ukuta yake ya inje, na sikutoka tena.

Alikuwa muntu ya mambo mbili-mbili. Alisema hapendi makelele, na kicheko yake ilisikika ku avenyu ya tatu. Alikuwa na rozari inapachikwa ku musumari yulu ya chumvi, na alisali nayo akisonga bukari: «Salamu Maria, umejaa neema, Bwana yuko nawe... weye Nusu-Nusu, tosha kijiko mu nyungu yangu ao nitakuvunja mukono!... umebarikiwa kuliko wanawake wote.» Alisema Mungu amezoea. Kuuza chakula alijua, kusifiwa hakujua. Ukisema «mama, leo ulipika muzuri», alikasirika: «Kwani jana?»

Hakuna muntu mwenye alimuona anakula. Tuliweka macho, tulitega, wapi! Alionja tu, ncha ya kidole, na alikuwa munene sawa siku kuu.

Na kintu yenye ilitufurahisha kushinda yote: ule mama, mwenye alikata kuku na panga moya bila kufunga macho, aliogopa kuku ya muzima. Kuku yenye roho ikiingia mu restora, yeye alipanda pa kiti. Kweli! Mwili ile yote, pa kiti, anakunja kikwembe, kitenge yake, anapiga kelele: «Bilolo! Yesu! Inaniangalia!» Njo miye nilizipokeaka, njo miye nilizichinjaka. Siku moya ilinitoroka na kuruka pa meza ya bantu bamekaa, na mama alitoka mbio paka kwa majirani, na bakiliya bote balishika sahani yulu ya kichwa. Tulimuita, yeye pia aitike mbele ya kurudia. Kutoka mu nyumba ya majirani sauti ndogo ilisema: «Eyo vidye... ilishakufa?»

Asubui ilikuwa na kazi yake. Mbele ya jua kupanda, banamuke ya kartie balikuya na makopo ya maziwa ya zamani, yenye kutobolewa na musumari, kulomba moto. Makala yake ilikuwaka tayari inawaka, na kwa nini kila nyumba ipoteze karatasi na muda? «Mama, tupatie moto.» Alipatia. Lakini kila muntu alete kwanza habari moya ya muzuri ya ku nyumba yake. Habari ya mubaya hakuipokea asubui. «Moto yangu haiwashe nyumba ya kilio. Tafuta, iko moya.» Na mwanamuke alisimama, kopo mu mukono, anatafuta mu kichwa, mwisho anasema: «Mutoto alilala bila kukohoa.» «Njo ile! Shika mbili: moya ya kupika, moya ya kusolola, kuongea na bantu.» Basi kartie yetu iliamuka kila siku ikitafuta kintu muzuri ya kusema. Miye pia nilienda na kopo, hata kama sikukuwa na kintu ya kupika. Mara mingi nilikosa habari. Alinipatia ya kukopa: «Bilolo, sema tu ulitembea paka apa na miguu yako mbili.»

Mangaribi, mbele ya kufunga, alifunika kila mbabula, jiko ya makala, na majivu, kiisha alipitisha kiganja yulu yake, polepole, sawa muntu anabariki batoto. Kama ilikuwa na joto hata kidogo, aliongeza majivu. Hakuenda ku nyumba mbele ya ile. Na mbabula yote ilikuwa inje, nyuma, mbali na mbao. Mushike ile neno. Mbali na mbao.

Sasa Mafupa.

Mafupa ni Fidele, mwenye mashini ya kusaga unga, ukuta moya na restora. Siku yake ya kwanza alilomba mafupa, na aliyafyonza na muziki, paka bantu balitaka kucheza. Tulimupenda. Miye nilichelewa kumupenda, juu unga ya mashini yake ilipita mu nyufa na kukaa pa biatu yangu. Siku moya nilipaka biatu nyeusi ya bwana arusi, nilienda kunywa maji, narudia, nakuta biatu nyeupe. Nilimutukana Fidele na bankambo yake, babu na bibi. Yeye alinitukana na sindano yangu. Tulishikana shati.

Mama hakuuliza nani ana haki. Alituweka pa meza moya, bukari moya, sahani moya ya matamba, majani ya muhogo.

«Bukari moya, bantu mbili. Mwenye anasimama mbele ya kuisha, asirudie tena kwangu.»

Yeye alikula upande yake, miye upande yangu. Bukari ilipungua huku na huku, paka katikati ilibakia ukuta nyembamba, imesimama. Yeye hakugusa, miye sikugusa. Ile njo ilikuwa mupaka yetu. Restora yote ilikuwa inatazama.

«Munangoja nini?» mama alisema. «Banakata ardhi na mupaka. Bukari, habakatake.»

Fidele alitia kidole, alitoboa shimo katikati ya ule ukuta, na akachungulia na jicho moya.

«Bilolo. Nakuona.»

Nilicheka paka matamba ilinitoka ku pua. Tangu ile siku nilimuita ndugu. Andikeni ile pia: ndugu.

Kiisha waya yake ya kuran, ya umeme, ilikatika huko ku nguzo, na badala ya kungoja fundi, alikuya kwa mama. «Mama, nipitishe waya mu restora yako, kidogo tu, paka fundi akuye.» Mama alisema: «Unga iko yako, bukari iko yangu, waya ipite.» Fundi hakukuya, juu Fidele hakumuita. Alitosha kuran ku ile waya ndogo ya restora, yenye ilibeba tu balbu na redio, akaipitisha chini ya bashe, yulu ya fasi yangu ya kula. Fasi yenye waya mbili zilikutana, alifunga na sashe, mufuko ya plastiki ya sukari. Mashini nzima ya kusaga, na sashe!

Nilimuambia. «Fidele, ile waya inapata joto. Nilishika, inapata joto.»

«Bilolo, weye hata jua ikipanda unasema inachoma.»

Bote balicheka. Na miye, juu nilizoesha bantu na manunguniko, neno yangu ya kweli ilipita mu mulango moya na yale ingine.

Ile juma kuran ilikosekana ku Hewa Bora siku mingi. Munajua namuna yetu: kuran ikienda, hatuzime kintu. Tunaacha balbu, resho ya kupikia, redio, yote inafunguka, ili siku inarudia tujue mbele ya jirani. Fidele pia. Aliacha mashini yake inafunguka, na mahindi ku mudomo yake, ili asage wa kwanza.

Ilirudia muchana, restora imejaa. Balbu iliwaka, na kartie yote ilipiga ile kelele munajua: «Inarudiaaa!» Batoto baliruka inje. Siye tulipiga mikono. Mama alicheza na muiko, hatua mbili, tatu, na kiuno yake ilipindua kiti. Ilikuwa muzuri. Nasema kweli, ile dakika ilikuwa muzuri sana. Hatukumaliza kupiga mikono, mashini ya Fidele ilinguruma nyuma ya ukuta, na yulu ya kichwa yangu waya ilisema «tsss», sawa mafuta inapokea samaki. Niliangalia. Sashe ilishaisha. Bashe ilikuwa inakunja midomo.

Yenye ilifuata nilishasema. Lakini kuko kintu moya sijasema. Nilipotoka, mukono inawaka, bantu banamwanga maji na mchanga yulu yangu, niligeuza kichwa upande ya mashini. Fidele alikuwa pembeni ya ukuta yake. Alikuwa anavuta waya. Anavuta na anaizungusha ku kiwiko, mbio mbio, sawa mwanamuke anakunja kamba ya kuanika nguo. Aliitia mu saki ya unga. Na wakati anavuta, mama alikuwa anaita: «Mafupa! Mafupa, itika!» Alisikia. Hatua chache! Alisikia, aliinamisha kichwa, na aliendelea kuvuta.

Shefu ya avenyu, Donati, alikuya moto ilishalala. Alitia mikono ku mugongo, alisema: «Ni mbabula ya mama. Restora ya mbao na mbabula, munangoja nini?» Nilisema waya. Aliniangalia: «Bilolo, weye na bantu, siku zote.» Unga ya Donati inasagwaka bila yeye kusimama mu mustari. Nani hajue ile? Mustari mzima inajua.

Mama hakujitetea. Aliangalia majivu yake, akapitisha kiganja yulu, sawa kila mangaribi. Ilikuwa ya moto sana, aliirudisha. Kesho yake asubui, Nusu-Nusu peke yake alikuya na kopo. Bengine habakukuya. Moto yenye kuchoma nyumba, nani anaitia mu nyumba yake? Mama aliona ile mulango yenye haina mustari, na ile njo ilimuvunja, si manjanja. Alifunga kikwembe yake, alienda Kambove kwa mudogo yake.

Hakuna mwenye alikufa. Ile Mungu alitusaidia, na ile sauti. Lakini sasa Fidele alishapanga matofali pa kiwanja ya restora. Anasema anaongeza mashini ya pili, na Donati alimupimia fasi na miguu.

Mwisho wa kiangazi nilienda Kambove. Sikuuliza njia, nilisikia. Mbele ya kufika soko, karibu na fasi bachimbaji ya mukuba banatokeaka, sauti ilipasua mavumbi:

«Supu!»

«Eyo vidye!»

«Dagaa Mbili!»

«Eyo vidye, mama!»

Hema ya turubai ya gari, benchi mbili, nyungu moya. Vijana ya machimbo, bekundu ya udongo tangu nywele, bananyoosha shingo kungoja majina. Mama alikuwa ananipa mugongo, anasonga.

«Mama!»

«Mama iko ya bote. Sema jina.»

«Bilolo.»

Muiko ilisimama mu bukari. Aligeuka, aliniangalia tangu kichwa paka biatu, na ile kicheko yake ilitoka, paka mbuzi moya ilikimbia.

«Bilolo! Ingali inakunjana! Hata moto haikuipiga pasi, ile uso?»

Bachimbaji balianguka ku benchi. Miye, mwenye sichekake, nilicheka na machozi. Alikamata mukono yangu ya kushoto, aliugeuza, alikunja kidole moya, kiisha ingine. Hapo hakucheka.

«Bidole inashika sindano?»

«Inashika, lakini inanungunika.»

«Basi ni yako kweli.»

Alinipatia bilolo na karanga. Aliniita mbele, niliitika, sahani haikurudia. Nikamuambia yote: matofali, Donati, namuna bantu banasema. Alisonga tu. Kiisha aliuliza kintu yenye sikungojea.

«Mafupa alipona?»

«Mama, si najua unajua! Eko anasaga kila siku!»

«Nasikia anasaga. Lakini miye niliita na hakuitika. Mu masikio yangu angali ndani.» Alipangusa jasho na mugongo ya mukono. «Usiku naota naita. Bote munatoka. Yeye hapana.»

«Rudia, mama. Tutamushitaki, tutamulipisha.»

«Feza yake akule nayo mafupa. Miye nataka aitike. Aseme mbele ya bantu: mama, niko apa, na waya ilikuwa yangu. Ile siku, kesho yake ninawasha moto Hewa Bora, na banamuke batakuya na makopo. Bila ile, nirudie kuwa mama ya kuchoma nyumba? Hapana, Bilolo. Afazali nipikie aba batoto ya udongo. Angalau kuku habaletake ya muzima.»

Nyuma ya hema kuku ililia. Alipanda pa benchi. Nakuapia, alipanda, na «Supu» alikimbia kuifukuza, na tulicheka tena sawa hakuna kintu ilichomeka mu dunia.

Wakati ya kuaga, alinipatia kopo ya maziwa, ya zamani, yenye matundu.

«Mama, nibebe moto tangu Kambove? Shofere atanitupa mu barabara.»

«Kopo njo nakupatia. Moto, ukalombe kwa mwenye alibakia na yangu.»

Fidele, sasa unajua juu ya nini kila asubui nasimama ku mulango ya mashini yako na kopo. Siku ya kwanza ulisema nimekuwa kichaa. Siku ya pili Nusu-Nusu alikuya na yake. Kiisha katekista, na koti yake ya ndoa, na kopo ya tomati. Leo mustari inafika paka kwa Donati, na banamuke banataniana, na kila mumoya anatafuta habari muzuri ya kusema mbele ya kulomba, sawa zamani. Weye ukituona unawasha mashini, hata kama haina mahindi, ili usisikie.

Kesho tutakuya tena. Izime. Sukuma ile matofali pembeni. Toka inje mbele ya Donati, na yeye asikilize na masikio yote mbili, na useme waya ilikuwa ya nani na mu saki gani unaificha. Hatutakupiga. Ulitoboa ukuta ya bukari ili unione. Toboa na hii ukuta.

Ile mama alisimama mbele ya moto na hakuuliza nyungu yake, hakuuliza rozari yake. Alikuuliza weye, na jina yako ya sahani, mara mbili, mara tatu. Siye bote tuliitika na tuko bazima.

Mafupa! Mama anakuita. Itika.